Miguu ya Zenon

Upepo wa Novemba hapa Łódź haubishi hodi.
Unapita chini ya mlango, unatambaa sakafuni,
unanipanda vifundoni mpaka magotini
kama mpangaji asiyelipa kodi.
Fundi alikuja na futi yake, akapima, akasonya,
akataja bei ya mlango mpya.
Nikampa chai. Nikamshukuru. Akaenda zake.

Nikafungua kabati.

Suruali ya kodrai, rangi ya udongo mbichi,
imepauka kwa miaka thelathini ya kupiga magoti
chini ya tramu za watu, spana mkononi.
Aprili, nilipozigawa nguo zake, hii niliibakiza.
Niliwaambia watu ina tundu.
Haina tundu.

Sikiliza, Halszka, maana umeniuliza inavyofanywa.
Ukate mguu juu kabisa, penye paja,
na usitumie mkasi wa jikoni, kodrai haitaki mkasi butu.
Uupindue, ndani iwe nje.
Ushone mdomo wa chini mara mbili, kwenda na kurudi,
mshono mfupi, mfupi kuliko punje ya mchele.
Kiwandani tulikatwa mshahara kwa mshono mrefu.
Kiwanda siku hizi ni maduka ya viatu na mikahawa.
Mkono haujaambiwa.

Cha kujazia? Wako wanaotia mchanga.
Wako wanaotia njegere kavu, wakakaribisha panya.
Mimi nina kokwa za cheri,
makopo kumi na moja chini ya kitanda.
Kila Julai mimi napika jemu, yeye anaokota kokwa,
anazichemsha, anazianika dirishani juu ya gazeti.
"Zitafaa."
"Zitafaa nini, Zenon?"
"Akiba haiozi."
Makopo hayo tuliyagombania
kuliko tulivyowahi kugombania pesa.
Sasa nikayamimina, kopo baada ya kopo,
zikateremka gotini, zikajaza ugoko,
mguu ukanenepa tena.

Hapo nilisimama kidogo, nikanywa maji.

Usiku ule baridi ilikomea mlangoni.
Asubuhi nikaenda kununua mkate,
nikarudi, nikakuta nyumba barafu.
Hilo ndilo hakuna anayekwambia:
nyoka wa mlangoni huwekwa na aliye ndani.
Ukitoka, lazima abaki mtu
wa kumrudisha mahali pake kwa unyayo.
Nilikaa ukingoni mwa kitanda, koti mwilini,
mkate kifuani,
mpaka mkate ukapoa.

Kisha nikachukua mguu wa pili.
Mguu mmoja hauzibi mlango wa mtu mmoja.

Kitambaa cha upana wa kiganja kinatosha,
mimi nilikitoa kiunoni, penye mifuko.
Kinapita chini ya mlango kama ulimi,
kinaunganisha mguu wa ndani na mguu wa nje.
Mlango ukifunguka, miguu yote miwili inakwenda nao.
Ukifungwa, inarudi nao.
Hakuna wa kuinama, hakuna wa kubaki.
Gharama: uzi, nao nilikuwa nao.
Mfukoni nilikuta tiketi ya tramu na kokwa moja.
Kokwa niliichanganya na nyingine.
Tiketi sikwambii nimeiweka wapi.

Basi ukishuka ngazi ukaona mguu wa mwanamume
umejilaza kizingitini kwangu, usishtuke.
Watoto wa ghorofa ya tatu wanaucheka. Waache wacheke.
Wewe hukumjua vizuri; alikuwa na tabia moja:
kusimama mlangoni akipiga soga na kila apitaye,
mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje, mlango wazi,
nami napaza sauti kutoka jikoni, miaka arobaini:
ingia au toka, Zenon, chagua, baridi inaingia!

Mpaka leo hajachagua.
Lakini baridi haiingii.